Saruji Juu ya Chokaa

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Mola. Sisi tu wazima, ila Mama anakohoa kidogo.

Kuhusu nyumba yetu. Ofisi ya majengo ya kale iliandika kwamba mkaguzi atapita mtaani: nyumba atakazoziona za kale zitabaki, nyingine zitapisha barabara. Mama akasema mgeni haonyeshwi ukuta uliobanduka. Basi nikaita mwashi, akakwangua chokaa yote ya babu, akapiga saruji, akapaka rangi. Mlango wa mbao tuliung'oa tukaweka wa chuma. Nilimshukuru Mungu, maana nyumba iling'aa kama yai.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo kama mimi. Alipapasa ukuta, akaniuliza, "Dada, nyumba yenyewe iko wapi?"

"Si hii?"

"Hii ni ya mwezi jana, dada yangu."

Akaandika, akavuka kwa yule jirani mvivu tunayemsema miaka yote kwa kutopaka rangi. Yake imepita.

Sisi tumepewa hadi mwisho wa mwezi ujao tuwe tumehama. Mama hajui. Kila asubuhi ananiuliza mgeni alisemaje, nami namjibu alisifu usafi. Mungu anisamehe, lakini ulimi unakataa kusema zaidi. Wewe ndiye kitindamimba wake, hajawahi kukukasirikia. Omba ruhusa kazini uje umwambie, nami nitaketi karibu yenu.

Nakuombea safari njema,
Dada yako