Ngisi wa Kale Aliyenukia Moshi

Jumatano, mtaani Iftin, Garissa. Joto tangu alfajiri, upepo wa vumbi, mabati ya jirani yanagongana kutwa nzima.

Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, basi naiweka hapa. Lakini niandike kwa mpangilio. Nikijiachia nitaanzia mwisho.

Wiki mbili hizi nimekuwa Rhamu na Dkt. Mueni, mtafiti wa miamba kutoka Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri Kisomali, kuzungumza na wenye malisho kabla hatujagusa jiwe lolote, na kuandika alama kwenye kila mfuko: tabaka gani la mwamba, upande gani wa kilima. Kazi ya kuweka vitu kwa mpangilio. Naipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya tangu nimalize kidato cha nne.

Kilima chenyewe kiko nje ya mji, na ukikitazama utaona mbuzi na miiba tu. Ukiinama unaona bahari. Makombe yamegandiana na chokaa, na kati yake kuna vijiti vya mawe, laini, vyenye ncha, urefu wa kidole. Ni visukuku vya mnyama anayeitwa belemnaiti, ndugu wa kale wa ngisi. Nyama yake ilioza, kikabaki kile kijiti kigumu kilichokuwa ndani ya mwili wake.

Kijiti hicho kinajua joto la bahari alimoishi. Dkt. Mueni alinieleza tukiwa tumekaa chini ya gari kwa sababu hapakuwa na kivuli kingine. Majini kuna oksijeni nyepesi na oksijeni nzito. Mnyama akijenga kijiti chake huchukua zote mbili, na kiasi cha kila moja hutegemea maji yalikuwa ya moto au ya baridi. Maabara wakisaga unga kidogo tu wa jiwe wanaweza kupima. Ila kuna sharti. Kama maji ya mvua yaliingia jiweni miaka ya baadaye, yalibadilisha kila kitu, na jiwe hilo linasema uongo. Lililobadilika huwa jeupe na zito kama mtindi. Ambalo halijabadilika, ukilikata na kulishika juani, mwanga unapita. Lina rangi ya asali.

Matabaka ya juu yalitupa mawe mengi ya asali. Tabaka la chini kabisa, kando ya laga, ule mto mkavu, halikutupa kitu. Siku ya mwisho Dkt. Mueni alitangulia Wajir na gari. Mimi nilibaki kwa habaryar Fadumo, dada mdogo wa mama, anayeishi Rhamu. Daktari aliniambia, "Hodan, rudi pale chini. Ukipata hata moja zuri, tabaka hilo linaingia kwenye utafiti, na wewe unakuja maabara kujifunza kukata. Usipopata, tutakuwa tumemaliza." Alisema atapita Garissa leo akielekea Nairobi, nimletee nilichopata.

Tumemaliza, kwangu, maana yake ilikuwa duka la abti. Mjomba wangu anauza vitambaa mjini na anataka mtu wa kukaa kaunta. Hooyo, mama yangu, alikuwa ameshamkubalia kwa niaba yangu. Nianze Jumamosi, isipokuwa kazi ya mawe ikiendelea.

Nilirudi lagani. Nilichimba kwa patasi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Vingi vilivunjika mkononi. Nilipata viwili vizima.

Sasa, belemnaiti mzima aliyesafishwa vumbi anafanana na kitu kimoja tu. Habaryar aliviona juu ya mkeka akashika kifua.

"Hodan! Umeleta risasi ndani ya nyumba yangu?"

Nilimweleza. Alivigonga, akavinusa, akakubali ni mawe. Lakini alihesabu vizuizi vya polisi kati ya Rhamu na Garissa na hakutulia. Asubuhi ya safari nilikuta ameshanifungia mizigo, na juu yake amefunga dhiil, kile chombo cha maziwa kinachosukwa kwa mizizi. Alininong'oneza kwamba mawe yangu yamo humo, kwa sababu askari hafungui maziwa ya mama wa watu.

Nilikuwa nimechelewa basi. Nilimbusu nikaondoka.

Askari alifungua.

Kizuizi cha tatu, tumeshuka wote, tumepanga mizigo mstarini. Kijana mmoja wa polisi alikiinua kile chombo, akakitikisa. Kikalia kama chenye kokoto.

"Dada, haya maziwa yenu yana mifupa?"

Abiria wakacheka. Akafungua, akachungulia, uso ukabadilika. Aliita mwenzake. Nikasema haraka, "Afande, ni mawe. Ni ngisi wa zamani."

"Ngisi?" Kumbe ni mtu wa Lamu. "Ngisi namjua mimi, twamla kwetu. Hana risasi yule."

"Ndani yake si kuna kijiti, kama cha plastiki?"

Akafikiri. "Kipo. Twakitoa kwanza."

"Huyu wa kale kijiti chake kilikuwa kigumu. Kikawa jiwe."

Alitoa kimoja akakikwaruza kwa ufunguo mwishoni, ukatoka unga mweupe. Akacheka peke yake. "Ngisi Rhamu! Sasa kitoweo mmekificha wapi?"

Ningecheka pia. Sikuweza, kwa sababu nilikuwa nimeona kiganja chake. Kilikuwa cheusi.

Kila mtu aliyekulia huku anajua dhiil haitiwi kitu kabla ya kufukizwa. Unachoma vijiti vya mti mzuri, unaingiza makaa, unafunika, moshi unasafisha chombo na kuyapa maziwa ladha. Nimefanya hivyo tangu nina miaka saba. Nilipaswa kujua. Habaryar alifukiza chombo, tena mawe yakiwa ndani, na vumbi la makaa limeyashika kila upande. Makaa ni kaboni. Na kaboni ni kitu cha pili ambacho maabara hupima kwenye mawe haya.

Machozi yalinilenga pale pale barabarani. Yule askari alidhani amenitisha. "Pita, pita dada, na ngisi wako. Mbona walia tena?"

Nilimpigia habaryar kutoka Wajir. Hakuelewa kosa liko wapi. "Maziwa ya watoto hayaingii chombo kisichofukizwa, mawe ya daktari ndiyo yaingie? Harufu yake ni nzuri, maandhey, mwanangu. Atafurahi."

Sikulala ndani ya basi. Nilivishika vile vijiti viwili mkononi na kila nilichokigusa kiligeuka cheusi.

Leo Dkt. Mueni alikuja nyumbani kabla ya adhuhuri. Hooyo alimpa chai ya maziwa ya ngamia na kuketi mlangoni asikose neno. Nilitoa mawe nikasema yote mara moja, moshi, makaa, dhiil, habaryar, bila kuvuta pumzi.

Daktari alinusa kimoja. Alinusa tena.

"Kinanukia vizuri kweli," akasema, akaanza kucheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akanieleza jambo ambalo ningemuuliza tangu jana kama nisingeogopa kumpigia simu: ganda la nje hutupwa siku zote, kwa mawe yote, maana limeshikwa na udongo, mizizi, mikono ya watu. Moshi ukikaa nje si neno. Ukiingia ndani kwa ufa, basi.

Alitoa msumeno wake mdogo. Cha kwanza kilikuwa na ufa. Ndani kilikuwa cheupe kama mtindi, na mstari mweusi katikati.

Alikiweka kando.

Cha pili alinipa mimi nikate.

Sijui ilichukua muda gani. Najua hooyo aliacha kujipepea. Kipande kilipodondoka nilikisugua kwa kanga, nikatoka nacho uani, nikakiinua juani nikiwa nimefumba macho yote mawili. Niliogopa kufumbua hata moja.

Asali!

Asali safi, yenye duara ndogo ndogo ndani yake kama za mti, na jua la Garissa likipita katikati ya mnyama aliyeogelea Rhamu kabla Rhamu haijawa Rhamu. Nilipiga kelele. Mbuzi wa jirani walikimbia. Dkt. Mueni alikuja akatazama, akatazama kwa muda mrefu, akanigonga bega na kusema, "Andika alama yake. Tabaka la chini. Na jina la aliyekusanya." Niliandika, herufi zikipinda.

Hooyo naye aliomba aone. Alikishika juani kama anavyokagua dhahabu sokoni. "Hii ilikuwa bahari?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. "Na ilikuwa ya moto au ya baridi?"

"Hatujui bado, hooyo. Ndicho ninachoenda kupima."

Alinirudishia kipande. "Basi abti wako atatafuta mtu mwingine," akasema, akaingia ndani kupika.

Daktari ameondoka na jiwe. Ameniachia ganda la nje lililokatwa, lile jeusi, kwa sababu halina kazi. Liko hapa karibu nami ninapoandika. Linanukia jiko la habaryar.

Abti mwenyewe hajaambiwa. Nitaenda dukani asubuhi nimwambie kwa heshima, nikiwa nimevaa vizuri. Nimejaribu maneno yangu mbele ya kioo mara kadhaa, na kila nikifika kwenye "ngisi" nacheka.