Swali Langu la Kivuko, kwa Kinyambo

Projestus rafiki yangu,

Kwa heshima na taadhima naomba kutoa taarifa rasmi kwamba beberu wako amekula tai yangu. Si yote. Fundo ameliacha, nadhani kwa kuliheshimu Bunge. Ni ile ya bluu yenye mistari, uliyosema inanifanya nifanane na mtu wa kuuza bima. Niliitundika kwenye mgomba wakati namsaidia Adventina kukata majani makavu kibanjani. Nikakata mabichi nikaacha makavu, naye akaninyang'anya panga kwa adabu zote za mjane: "Mheshimiwa, wewe kapumzike tu."

Huo ndio msaada niliompa mkeo tangu tuanue matanga. Lakini usiwe na wasiwasi, hayuko peke yake. Kahawa imechumwa. Watu wa ng'ambo, wale wa upande wa Kyerwa, walivuka mto wakaja kuchuma, wakachuma yote, wakakataa hata kubeba ndizi za kuondokea. Walivuka kwenye magogo yale yale ya mikaratusi. Moja mvua imelisukuma, sasa limekaa upande, ukilikanyaga linageuka kama linataka kukuuliza unakwenda wapi. Wanawake wanavua viatu, wanapita wakiwa wameshikana.

Na hapo ndipo penye shida yangu, Projestus. Watu hao wote, wa Karagwe na wa Kyerwa, walikuwa wanasubiri daraja kiangazi hiki. Walikuwa na uhakika. Kokoto wameshaponda, wamezirundika kando ya mto na kuzifunika na majani ya migomba kama mtu anavyofunika chakula cha mgeni. Ukiwauliza nani kawaambia kiangazi hiki, wanashangaa: si wewe Mheshimiwa ulimuuliza Waziri, naye akakujibu, na sisi tukasikia?

Mimi sikuuliza. Wewe unajua sikuuliza.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana nina ugonjwa wa kazi yangu, siwezi kufika kwenye hoja bila kwanza kushukuru.

Nakushukuru kwa simu zako. Kila Bunge likiahirishwa mchana nilikuwa najua wewe umekaa chini ya paa la jikoni, redio imening'inia, na kidole kiko kwenye namba yangu. "Shikamoo Mheshimiwa," ulikuwa unaanza, wewe uliyenizidi umri kwa masika mawili, ili nianze kuona aibu mapema. "Leo nimekusikia ukiunga mkono hoja. Hongera sana. Hoja ilikuwa ya nini?"

"Bajeti."

"Ya wizara ipi?"

Nikawa nafunua makaratasi, wewe unasubiri, nasikia unatafuna punje zako za kahawa taratibu. Nikijitetea kwamba kazi kubwa naifanya kwenye kamati, unasema, "Kwenye kamati hakuna redio. Sisi tutajuaje kama unachangia au unakula karanga?" Sikukuambia wakati ule, lakini karanga zilikuwepo, na zilikuwa nzuri.

Halafu kile kivuko. Sijui kama huko uliko mnaruhusiwa kucheka, lakini ukiruhusiwa, cheka tena. Kwetu kivuko ni mahali pa kuvukia. Basi nikasimama, nikakohoa, nikauliza ni lini Serikali itajenga kivuko katika mto Nyakahita unaotenganisha Karagwe na Kyerwa. Naibu Waziri akainuka, mtu mpole kabisa, akasema Serikali imepokea ombi hilo, na wataalamu watakwenda kupima kina cha maji waone kama chombo kinaweza kuelea na kubeba magari. Chombo! Mto ambao kuku akijikusanya vizuri anauruka. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata waliokuwa wamesinzia waliamka wakacheka bila kujua wanacheka nini, nami nikawa mmoja wao.

Ulinipigia kabla sijafika hata mgahawani. "Mheshimiwa Pantoni." Jina likavuka mto kabla ya watu. Sokoni wakaniita hivyo, kanisani wakaniita hivyo, nikipita Ihanda kwa gari vijana wa bodaboda wanapiga honi ya meli kwa midomo. Ni wewe tu uliyenicheka kisha ukanikalisha: "Safari nyingine usiseme kivuko. Sema daraja la watembea kwa miguu. Sema kuna magogo. Sema wanawake wanavua viatu. Mweleze kama unamweleza mtu ambaye hajawahi kulowa."

Nikaandika hivyo hivyo. Swali likapokelewa, likapangiwa siku, nikakuambia, nawe ukaalika watu nyumbani waje wasikilize. Kifua kilikuwa kimeshaanza kukusumbua, lakini kwenye simu uliniambia ni vumbi tu la kahawa.

Siku ile, Projestus, swali langu lilikuwa la mwisho kwenye orodha. Mbele yangu kulikuwa na swali la mabwawa ya samaki la mkoa mwingine kabisa, na kila mbunge mwenye dimbwi jimboni kwake akasimama kuuliza la nyongeza. Samaki, samaki, samaki. Nimekaa, karatasi mkononi, nasoma mishale ya saa ukutani. Naibu Waziri alipomaliza samaki, nikasikia muda wa maswali umekwisha, na lililobaki litajibiwa kwa maandishi. Nikasimama kuomba mwongozo. Nikaambiwa nikae. Nikakaa.

Hukunipigia mchana ule. Nilidhani umekasirika. Nami sikukupigia, nikajiambia nitapiga nikishapata jibu la maandishi, niwe na kitu cha kukupa. Jibu lilipofika, nilikuwa njiani nakuja kukuzika.

Msibani mzee mmoja wa ng'ambo alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Waitu, Mheshimiwa wetu, siku ile ulisema. Ulimwambia Waziri aje avuke na gunia la kahawa kichwani, akifika upande wa pili ndipo atoe maelezo." Mwingine akasema alilia niliposema habari za akina mama na viatu. Mama mmoja akarudia jibu la Waziri, neno kwa neno, pamoja na kiangazi. Nilitikisa kichwa tu. Nilidhani ni majonzi, watu wakifiwa husikia mengi. Lakini nilijua pia kwamba maneno yale ni mazuri kuliko yote niliyowahi kusema tangu niapishwe.

Adventina ndiye aliyenieleza, siku ile ya panga. Siku ya swali, uani kwako palikuwa na wazee wengi ambao Kiswahili cha redio kinawapita, kile cha haraka cha Dodoma. Kama kawaida wewe ukawa unatafsiri: redio sentensi moja, wewe Kinyambo. Swali la barabara ukatafsiri, la madawati ukatafsiri. Ulipoona muda unakwisha na mimi sitafika, ukavuta pumzi, ukasema, "Sasa nyamazeni, ni huyu wetu." Redio ikaendelea na samaki, wewe ukauliza swali langu. Ukalitetea. Ukamjibia na Waziri, ukampa na kiangazi, maana uliniambia mara ngapi kwamba jibu lisilo na lini si jibu. Kisha ukazima redio kabla haijasema yake, ukapitisha kahawa. Adventina alikuwa mlangoni na Kiswahili chake cha shule, anasikia vyote viwili. Hakusema kitu, kwa sababu, anasema, ilikuwa muda mrefu hajakuona umekaa wima hivyo.

Basi Jumapili baada ya ibada niliwaomba watu wote waje mtoni. Nilitaka uwepo. Nilisimama kwenye kokoto zao, bila tai, nikaanza kwa Kinyambo changu ambacho kila sentensi inatoroka kuelekea lugha ya Muleba alikotoka baba yangu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenicheka. Nikawaambia siku ile sikusema lolote. Muda uliisha. Maneno mliyosikia ni ya Projestus, na kiangazi ni cha Projestus. Jibu la kweli ninalo hapa, linasema tathmini itafanyika fedha zikipatikana. Halina lini.

Nikangoja kutupiwa kokoto, nazo zilikuwa karibu.

Bibi Paskazia, jirani yako mwenye fimbo, ndiye aliyejibu. "Mjukuu wangu," akasema, "Kiswahili hatukijui, lakini samaki tunamjua. Redio ilikuwa inasema samaki, samaki. Mto huu una samaki gani?"

Wakacheka, lakini kidogo tu. Akaendelea kwamba alitazamana na wenzake pale uani, wakaelewana kwa macho. Mtu anaumwa, anahema, na anaongea vizuri namna hiyo. Nani amkatishe? Wakakubali kila kitu. Kokoto waliponda, anasema, kwa sababu baada ya msiba walikuwa wameshaanza kuamini wenyewe. Yule mzee wa ng'ambo alikuwa anatazama chini. Nadhani yeye aliamini tangu mwanzo mpaka Jumapili ile, nami ndiye niliyemvunja moyo.

Halafu Bibi Paskazia akaniuliza la nyongeza: sasa redio tutatafsiriwa na nani?

Ndivyo ilivyokuwa, Projestus. Daraja hakuna. Tarehe hakuna. Walitawanyika polepole, wa Kyerwa wakavuka kwenye lile gogo linalogeuka, nami nikawashikia viatu vyao upande huu mpaka walipofika, kisha nikavirusha kimoja kimoja.

Swali nimeliwasilisha upya. Nimeweka gunia lako la kahawa na Waziri wako anayevuka, makatibu wakitaka kulifuta nitalirudisha kwa mdomo. Nikijibiwa nitakuja mwenyewe uani kwako, nisimame, niwaambie nilichojibiwa, kiwe kitamu au kichungu, kwa Kinyambo kile kile kibovu. Kutafsiri kama wewe sitaweza. Lala salama, ndugu yangu. Adventina anasema kifua chako kilitulia usiku wa mwisho, na kuhusu hilo nimeamua kumwamini.

Wako,
Mheshimiwa Pantoni