Breka Haikai Juu

Jumanne, 4 Machi
Breka ya usalama imeanguka tena. Cherehani ya umeme ikakwama katikati ya kola. Mashati tisini ya shule, yanachukuliwa Jumatatu, nimemaliza thelathini na nane! Mwalimu mkuu kashasema: nikichelewa, kazi ya muhula ujao anampa mwingine. Nyumba hii nimeijenga kwa sindano. Lakini umeme ukikatika wote wananitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyeuzima.
Na dawa yao ni moja. Aliye karibu na boksi la umeme, pale mlango wa nyuma, anaipandisha breka, basi. Haulizi. Kama anayerudishia mlango uliosukumwa na upepo. Bingwa wao ni shemeji, mdogo wa mume wangu, aliyekuja "kupumzika kidogo" tangu mwaka jana. Anapita akipiga mluzi — tak! — kapandisha, kaenda zake.

Jumatano, 5 Machi
Leo nimechomoa vyote. Friji, pasi, cherehani mbili, televisheni, chaja ya shemeji (kanuna). Plagi kumi na moja. Nikapandisha breka, nikavuta stuli, nikaikodolea macho. Ikatulia. Nikaanza kujipongeza — tak! Chini. Na hakuna kilichochomekwa!
Basi mbovu ni breka yenyewe. Hesabu ni hesabu.
Mama mkwe kasema labda nyumba imechoka kelele zangu. Kisha kaingia kuoga. Yeye na maji ya moto, asubuhi na jioni, na tangi halizimwi.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi umeme amefika hatimaye. Tunamwita Bwana Kesho, kila mtu anajua kwa nini. Breka mpya hana. Ila anaweza kuiruka ya zamani: aunganishe waya moja kwa moja, breka ibaki pambo. Hakuonekana kuipenda kazi yenyewe.
"Tutafute kwanza kinachoiangusha, mama. Haianguki kwa kiburi."
Nikamwambia nimeshatafuta. Kumi na moja, vyote vizima, na Jumatatu haingoji. Akakuna kichwa. Akairuka.

Ijumaa, 7 Machi
Raha! Cherehani zimeimba kutwa. Mashati sabini na moja.
Mama mkwe analalamika bomba la bafuni linamfinya vidole. Shemeji akamjibu ni utu uzima huo, mbona hata yeye sofa linamfinya na hasemi. Tukacheka mpaka machozi. Wiki iliyopita si Mama mkwe huyuhuyu alisema mto wa kulalia unamwonea?

Jumamosi, 8 Machi
Naandika ili mikono ipate cha kushika.
Jioni hii Mama mkwe kaniita kutoka bafuni, sauti ndogo, si ile yake. "Mwanangu, njoo ushike wewe. Mimi mmenizoea."
Nikagusa bomba kwa kidole. Umeme ukanipiga mpaka kwenye kiwiko.
Tangi! Tangi la maji moto limefungwa ukutani, waya umeingia humohumo ukutani, halina plagi. Nilihesabu plagi, sikuhesabu vitu. Ndilo lililokuwa likiiangusha breka. Breka ilikuwa ikipiga kelele wiki nzima, nami nikalipa mtu aizibe mdomo.
Nimekimbia kwenye boksi, nimeshusha swichi kuu. Nyumba kimya. Mashati kumi na sita bado, na hayatashonwa leo. Bwana Kesho hapokei simu.
Mama yuko na povu kichwani. Kauliza atoke hivyohivyo kama kondoo? Nimemwambia asuuze haraka, umeme hakuna, hakuna cha kumfinya. Nimekaa kwenye stuli mlangoni pake. Anaimba. Mara anakatiza kunisema: kumbe sikuwa mzee, mlikuwa viziwi. Namwitikia, ndiyo mama.
Shemeji katoka kununua uzi. Yeye tu ndiye hajui. Akirudi, kabla hajavua viatu, namwambia asiguse boksi.
Maji bado yanamwagika. Mgongo sasa, anasema.
Geti limelia. Mluzi. Mbona amepitia mlango wa nyuma, kwenye bo

Feni imeanza kuzunguka