Moli Moja ya Sukari

Mwenzangu, leo nimeitwa mwizi mbele ya darasa zima. MWIZI. Mimi!

Nafundisha zangu kemia, chupa mbili mezani: moli moja ya chumvi, moli moja ya sukari. Naibu mkuu, yule wetu wa kunusanusa, akaingia bila hodi.

"Moli moja ni moja! Mbona chumvi kiganja tu, sukari chupa tele? Hiyo ya ziada unapeleka kwako?"

Kwako!!

Nikamwambia moli ni idadi ya chembe, kama dazeni, na chembe ya sukari ni nzito kuliko ya chumvi. Dazeni ya nyundo na dazeni ya sindano zina uzito sawa?

"Usinifundishe kazi." Akaichota sukari yangu mpaka ikalingana na chumvi kwenye mizani. Ile aliyoichota akaitia kwenye bahasha, akaondoka nayo. Eti ushahidi.

Mapumziko naingia ofisini, ushahidi uko kwenye chai yake. Anakoroga!

Nikapaza sauti, walimu wote wasikie: "Mkuu, uliondoka na zaidi ya robo tatu ya moli."

Akaruka: "Mwongo! Nimetia vijiko viwili tu!"