Nyumba ya Baba, Risan

Risan, 28 Aprili

Mdogo wangu Vuksan,

Hujambo? Mkeo hajambo? Huko Viena baridi imepungua? Mimi na mwanangu Neda tu wazima, ila roho yangu inawaka. Bi Jovanka, mwenye nyumba wetu, amesema Mei ikiisha tumpishe. Watalii wanakuja, na usiku wao mmoja unamlipa kuliko kodi yangu ya wiki nzima. “Utarudi Septemba, mwanangu,” ananiambia huku akinimiminia kahawa! Mji mzima ni hivyo hivyo. Mimi ndiye ninayewadunga sindano hospitalini, na hakuna hata mmoja mwenye chumba ninachokimudu. Neda ana mitihani Juni. Tuachie nyumba ya marehemu baba. Kodi nitakupa ile ile ninayompa Jovanka.

Dada yako,
Darinka

Viena, 9 Mei

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Hatujambo, mgongo tu unanisumbua. Habari zako zimenisikitisha sana. Lakini nyumba imeshachukuliwa na wageni mpaka Oktoba, na benki hainihurumii. Kodi ya Jovanka ni ya majira ya baridi, dada, siwezi kuipokea kiangazi. Oktoba ingieni, nitakupunguzia kidogo. Na Jumamosi wageni wanapobadilishana, ukipata nafasi unisafishie. Nitakulipa vizuri kuliko yule mama anayesafisha sasa.

Mdogo wako,
Vuksan

Risan, 14 Mei

Vuksan,

Leo sikuulizi mgongo. Unipunguzie? Nikusafishie? Una uso gani wewe?

Baba alipofariki, mwanasheria aliniuliza mara mbili, wewe umekaa pale, kama fungu langu nakuachia kwa hiari yangu. Nikasema ndiyo. Kwetu dada hagombei mali na kaka yake. Anayegombea husemwa mpaka kanisani. Ukanikumbatia, ukalia, ukasema nyumba ya kaka ni ya dada pia, siku yoyote akirudi. Niliweka sahihi kwa ajili ya maneno hayo. Sikuweka sahihi ili wageni waoge kwenye bafu la mama, mimi na mwanangu tukihangaika na masanduku. Nijibu kabla Mei haijaisha.

Dada yako, bado,
Darinka

Risan, 3 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo kabisa. Hukujibu, basi ufunguo nimeuchukua kwa mama wa usafi. Usimfokee, nilimnyang’anya. Neda anasoma chumbani kwako.

Wageni wako wapya walifika jana. Nikawapa kahawa na maandazi ya moto, nikawaambia nyumba hii ina watu. Waliondoka wakipiga simu, bila shaka kwako.

Polisi usiwasumbue. Kwa karatasi nyumba ni yako, sibishi. Panda ndege uje mwenyewe, mchana, majirani wakiwa nje wanakunywa kahawa zao. Utushike mkono, mimi na mwanangu, ututoe mpaka barabarani wakiona. Sitapiga kelele. Ukiliweza hilo, wapangishe unaowataka.

Dada yako,
Darinka