Nyama ya Mama

Lodwar, Alhamisi

Nimemfokea mama, na pikipiki imeshamrudisha Lorugum.

Alikuja kuniuguza. Wiki jana nilipasuliwa: sehemu ya tumbo ilikuwa imepanda kifuani, asidi ikiniunguza koo kila nikilala. Akanichinjia mbuzi. Nikamwambia daktari ameruhusu vyakula laini tu, nyama itanikwama.

“Mgonjwa gani anakataa nyama?” akauliza, akatoka nje.

Kisha nikasikia mawe yakigongana, mchana kutwa. Kidonda kinavuta, usingizi sipati. Nikapiga kelele, “Mama, acha hiyo! Kama ni hivyo, rudi kwako!”

Akaita pikipiki, akaondoka.

Jioni nimefunua bakuli aliloacha. Nyama yote ameiponda kwa jiwe mpaka imekuwa laini kama uji.

Nimekula kijiko kimoja. Imeshuka vizuri.

Simu yake haipatikani.