Mama Njeri, Wamehamisha Kila Kitu

Mpendwa Mama Njeri,

Sijatulia tangu asubuhi. Nakaa, nasimama, natoka mlangoni mwa duka kutazama River Road, narudi. Ile kompyuta yako ilikufa miezi michache baada yako. Fundi akahamishia kazi zako zote kwenye mpya, na humo ndani hakuna kitu kilichobaki mahali pake. Kitufe cha kuanzia kimekuwa duara lisilo na neno hata moja. Mimi, mwanamume niliyefika Dubai nikamuuzia Mwarabu kanzu, nilitafuta pa kuizimia mpaka nikang'oa waya ukutani.

Wewe ulipanga skrini kama kabati la vyombo: ratiba za harusi kulia, za mazishi kushoto. "Bibi harusi asipitie kwa marehemu," ulikuwa ukisema, ukinipiga mkono nikigusa mausi. Hii mpya imewapanga wote pamoja, kwa alfabeti.

Basi juzi nikafungua ratiba ya mazishi nikidhani ni ya harusi. Nikabadilisha majina, nikachapa. Baada ya pete, kabla ya keki: kuutazama mwili.

"Baba Njeri, mwili ya nani?" mama wa bibi harusi akaniuliza.

"Ya bwana harusi, mama. Si anaoa?"

Alicheka mpaka akashika meza. Nikamchapia upya.

Njeri wetu hakucheka. "Baba, funga hiyo duka ukae nyumbani Uthiru. Siku utakosea ya mazishi, nani atacheka?"

Nikamwomba kazi moja tu. Nikiiharibu, nampa funguo za duka.

Alhamisi akaja mwanamume wa Mountain View na picha ya mamake. Anazikwa Jumamosi. Nikajigamba kama unavyonijua, eti River Road nzima huja kwangu kuuliza. Alipotoka, nikavuta kiti mbele ya kompyuta.

Nikabonyeza lile duara. Chini yake kuna kisanduku cha kutafutia. Nikaandika "mazishi" kwa kidole kimoja. Ya kwanza kutokea ilikuwa yako, ile Njeri aliyoichapa akilia. Ilikuwa safi kuliko zote. Nikaihifadhi kwa jina jipya kwanza, kama ulivyonifundisha, ndipo nikaanza kukufuta: jina lako, kwenu, mimi mumeo, Njeri. Nikamwandika mama wa watu mahali pako. Mara mbili niliinuka nikasimama mlangoni kama mtu anayengoja mteja.

Yule bwana alirudi, akasoma, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaenda.

Jioni Njeri akafika. Akasoma nakala kila mstari, kidole juu ya karatasi, akitafuta kosa. Akarudia tena. Kisha akavua koti.

"Sogea, Baba. Nionyeshe hiyo kisanduku."

Nikamwonyesha, Mama Njeri. Mimi! Nikajifanya nakohoa.

Pumzika basi. Usinihofie sana, nihofie kidogo tu.

Mume wako,
Baba Njeri